Bolti ya Mwenye Gari

Kila gari lililopita kwenye gereji ile lilikazwa na fundi bolti zote isipokuwa moja. Hiyo moja ilikuwa ya mwenye gari. Fundi alimpa spana, akamwonyesha pa kushika, halafu akajitenga kidogo na kufunga mikono kifuani kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mwenye gari, awe na tai shingoni au tope miguuni, aliinama akaimalizia kazi kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita fundi huyo Bolti, na jina alilopewa na mama yake likabaki kwenye vyeti kupigwa vumbi.

Mazoea hayo hayakutoka kitabuni. Bolti alipokuwa kijana, mwenye haraka na nywele nyingi, gurudumu la mteja wake mmoja lilichomoka barabarani, likampita mwenyewe akiwa bado ameshika usukani, likakata kona vizuri kuliko yeye, likaingia kwa kinyozi bila hodi. Hakuumia mtu, kilivunjika kioo tu. Lakini mteja alikuja gereji na shemeji zake, na yaliyofuata Bolti alipenda kuyasimulia huku akicheka, akiinua mdomo wa juu ili msikilizaji alione pengo. Tangu hapo akaamua: tukaze wote, tulaumiwe wote. Wateja wakaipenda sheria yake. Wengine waliomba wapigwe picha na spana mkononi, wakaenda kujisifu nyumbani kwamba gari wamelitengeneza wenyewe.

Nyuma ya gereji, chini ya kibanda cha mabati, kulikuwa na gari moja ambalo halijawahi kufika kwenye bolti ya mwisho.

Lilikuwa gari refu la milango miwili, pua ndefu kama ya mtu anayenusa mambo ya majirani, injini ya silinda nane, nne kila upande. La enzi zile gari lilipokunywa mafuta na hakuna aliyelihesabia vikombe. Mjomba wake Bolti aliliendesha hadi likamshinda, akaliacha uani, na alipofariki liliwaangukia wapwa wawili: Bolti na kaka yake mkubwa. Walilikuta halina magurudumu, kuku ametaga kiti cha nyuma. Kwa kuwa kaka ndiye mkubwa, kadi ya gari iliandikwa jina lake. Kwa kuwa Bolti ndiye fundi, gari lilisukumwa kwake. Ndivyo walivyogawana: kaka akapata jina, Bolti akapata kutu.

Siku ile kaka aliweka kiganja juu ya paa la gari na kusema maneno ambayo Bolti angeweza kuyakariri hata akiwa usingizini: "Mdogo wangu, siku litakapounguruma bila kukohoa, funguo ni zako. Mimi hata boneti sijui linafunguliwa wapi." Shahidi alikuwa yule kuku, na kuku, kama unavyojua, hakai sana.

Bolti aliamini. Mtu aliyetengeneza magari ya watu tangu ujana wake, na kila jioni anafunga gereji na kurudi nyumbani kwa miguu, anakuwa mwepesi wa kuamini neno kama hilo. Mvua ilipomnyeshea njiani alijipa moyo kwamba lake liko chini ya mabati, limekauka. Alibadilisha sakafu iliyooza, breki, gia, nyaya zote za umeme. Mke wake, mshonaji wa viti vya magari aliyekuwa na cherehani yake mlangoni mwa gereji, alilishonea viti vya ngozi nyekundu iliyoiva, mshono mara mbili kila ukingo. Hakushonea mteja yeyote namna hiyo. Alimtania mumewe kwamba amemletea mke mwenza mwenye makalio ya chuma, na kwamba huyo mwenzake angalau anavishwa.

Lililobaki lilikuwa kohozi. Upande mmoja wa injini, moshi wa silinda nne ulitokea kwenye matundu manne, yote yakamwaga ndani ya manifoldi moja ya chuma cha kusubu, nene, fupi, nyembamba kooni. Silinda hii ikitaka kutoa moshi wake inamkuta mwenzake bado yuko mlangoni, wanasukumana, na nguvu zinaishia kwenye kugombana. Upande wa pili vilevile. Zaidi ya hapo, manifoldi ya kushoto ilikuwa na ufa. Miaka ya nyuma Bolti aliuziba kwa shaba ya manjano iliyoyeyushwa kwa gesi, na aliyemshikia chuma kwa koleo siku hiyo alikuwa kaka mwenyewe. Ilikuwa mara moja tu katika maisha yake kaka kuchafuka kwa ajili ya gari lile. Mshono wa shaba ulibaki pale kama kovu lenye umbo la kicheko, umepinda kidogo mwishoni, mahali mkono wa kaka ulipotetemeka kwa joto. Injini ikiwa baridi bado ilisikika ikigonga tiki, tiki, tiki, kisha ikipata moto inanyamaza. Kukohoa ni kukohoa. Bolti hakudai funguo.

Basi asubuhi moja kaka akaja na boksi refu begani, suti imejikunja, jasho linamtoka kama amebeba jeneza peke yake. Ndani kulikuwa na mabomba mapya ya chuma kisichoshika kutu, manne ya kila upande, marefu, yamepindapinda kama matumbo ya mbuzi lakini yanang'aa kiasi cha kujitazamia. Kila silinda ingepata bomba lake lenyewe. Moshi ungekimbia peke yake hadi chini, ndipo wote wanne wakutane bila kugombana. Bolti aliyashika moja moja, akayapuliza, akayanusa. Hakuwahi kuyaona ila kwenye picha.

Kaka akasema anataka gari lipumue kabla wiki haijaisha. Bolti alitaka kumkumbatia, ila mikono ilikuwa na grisi, na kaka, kwa suti ile, alirudi nyuma hatua moja.

Kaka alipoondoka, cherehani ilinyamaza mlangoni. Mke alimwambia mumewe kwamba mtu ambaye miaka yote hakuleta hata kitambaa cha kupangusia kijiti cha kupimia oili, leo kaleta mabomba, na tena ana haraka, basi kuna jambo. Bolti akamjibu kwamba binadamu hubadilika. Mke akamwambia binadamu hubadilika, lakini kaka yake anabadilisha nguo tu. Bolti alicheka, akaingia chini ya gari. Kucheka ilikuwa dawa yake ya kila kitu, na kama dawa nyingine, ilikuwa inazoeleka.

Kazi ilianza na bolti za zamani. Zilikuwa zimeshikana na injini kama ndugu waliogombania shamba. Alizilowesha mafuta mepesi, akaziacha zilale, akazilowesha tena. Alizipasha moto kwa gesi, akazigonga kichwani taratibu, akazirudisha nyuma nywele moja na mbele nywele mbili. Moja baada ya nyingine zililegea. Ya mwisho ya upande wa kushoto, ile iliyojificha nyuma kabisa karibu na ukuta wa dashibodi, ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayevunja kijiti cha kiberiti, na kichwa chake kikabaki ndani ya spana. Mwili wake ukabaki ndani ya injini, umelingana na uso wa chuma, hakuna pa kushika.

Jirani yake wa upande wa pili wa ukuta, mchomeleaji aliyeitwa Miwani kwa sababu alichomelea akiwa amevaa miwani ya jua ya kike, aliitwa. Alichungulia, akatoa pole kama ya msibani, akauliza marehemu aliacha watoto wangapi. Kisha akaweka nati juu ya kile kisiki na kuichomelea katikati, tone kwa tone, hadi nati na kisiki vikawa kitu kimoja. Bolti aliingiza spana vikiwa bado vyekundu. Kisiki kilikataa, kikakataa, kikakubali. Kilipotoka chote Miwani alikitupa kwenye beseni la maji, kikapiga kelele, na yeye akasema anapenda mgonjwa anayelia, maana amepona.

Manifoldi za zamani zilipotoka, Bolti aliziweka sakafuni kando ya ukuta. Ile yenye mshono wa shaba ilimfanya asimame kidogo. Aliifuta kwa kitambaa, bila sababu.

Mabomba mapya nayo hayakuja kwa unyenyekevu. Ya kushoto yaligonga mhimili wa usukani, ya kulia yaligonga stata, mota ya kuwashia injini. Ilibidi afungue stata, afungue miguu ya injini, ainyanyue kwa jeki na kipande cha ubao, kisha ayapenyeze kutoka chini akiwa amelala chali, pua yake karibu na gia, akizungumza nayo kwa majina ambayo mke wake alimwomba asiyatamke mbele ya wateja. Nyuso za injini alizisugua kwa msasa hadi rula ya chuma ilipolala juu yake bila kuacha mwanga kupita. Aliweka gasketi mpya za kuzuia moshi usivuje. Nyaya za plagi alizivisha mikono ya kitambaa cha kuzuia moto, akazifunga mbali na mabomba, kwa sababu mabomba yale yangekuwa na joto la kuivisha chochote kitakachoegemea. Alikaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, duru baada ya duru, kama mtu anayemtandikia kitanda mgeni asiyetaka makunyanzi.

Aliacha moja. Upande wa kushoto, ya mbele kabisa, inayofikika bila taabu. Aliichagua kwa makusudi, na hakuichagua kwa ajili ya kaka. Aliona mapema itakavyokuwa: atampa kaka spana kwa heshima ya ukubwa wake, kaka ataisukuma irudi kwake na kusema, "Kaza mwenyewe, gari lako hili." Kila mtu atasikia. Mke atasikia, Miwani atasikia. Alikuwa hata ameshaifanyia mazoezi sura ya kushangaa.

Siku ya kuliwasha alivaa ovaroli iliyofuliwa. Mke alivihesabu vifungo vya ovaroli hiyo kwa macho, akaona vyote vimefungwa, akajua anangoja funguo. Aliacha cherehani, akaja kusimama karibu. Miwani aliruka ukuta, akasema amekuja kushuhudia ubatizo.

Kaka alifika mchana, na hakuwa peke yake. Alikuwa na mtu mwenye viatu vyeupe. Bolti aliviona viatu kabla ya kumwona mtu, kwa sababu hakuna anayeingia gereji na viatu vyeupe isipokuwa mtu asiyekusudia kukaa. Kaka alimtambulisha kama "rafiki yetu." Rafiki yetu alilizunguka gari, akalipiga kofi nyuma kama ng'ombe mnadani, akakaa kwenye kiti chekundu, akasogezasogeza makalio. Alimuuliza kaka nani kashona. Kaka akasema, "Watu wangu."

Mke wa Bolti alimtazama mumewe, na mumewe akatazama boneti.

Boneti lilifunguliwa. Bolti akaeleza, sauti yake ikiwa juu kidogo kuliko kawaida, kwamba kazi imeisha, imebaki bolti moja, na kwamba hapa kwake bolti ya mwisho ni ya mwenye gari. Akaitoa spana mfukoni. Alikuwa ameing'arisha. Akampa kaka yake kwa mikono miwili.

Kaka aliipokea. Aliitazama ile spana kwa muda, kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Kisha hakuisukuma irudi alikotoka. Aligeuka, akampa mwenye viatu vyeupe.

"Karibu, bwana," alisema. "Ndiyo sheria ya hapa. Mwenye gari ndiye anakaza."

Miwani alivua miwani yake. Watu wa mtaa ule hawakuwa wamewahi kuyaona macho yake mchana.

Yule mtu alicheka, akasema nyumba hii ina mambo. Aliinama kwa uangalifu ili suruali isiguse, akaivisha spana kwenye bolti, akaanza kugeuza upande wa kulegeza. Mkono wa Bolti uliondoka wenyewe. Miaka ya kazi haikumuuliza. Ulikwenda juu ya mkono wa yule mtu, ukaugeuza upande sahihi, ukamwachia. Na sauti yake, ileile ya kila siku, ikamwambia, "Huku, mkubwa. Ikigoma, basi. Usiilazimishe."

Bolti ya mwisho ikakazika.

Waliwasha. Lilishika mara moja. Halikukohoa, halikugonga tiki, halikusitasita. Mabati ya kibanda yalitetemeka, kopo la nati lilijisogeza lenyewe juu ya meza hadi likaanguka, na watoto wa barabarani wakaja mbio. Ilikuwa sauti nene, iliyoshiba, kila silinda imepata mlango wake. Mwenye viatu vyeupe alipiga makofi. Bolti alisimama na kusikiliza kazi yake nzuri kuliko zote. Aliinamisha kichwa upande kutafuta kosa, hata moja, hata dogo. Hakulipata.

Yule mtu alipokuwa akijitazama kwenye kioo cha pembeni, Bolti alimvuta kaka yake nyuma ya gari.

"Ulisema funguo ni zangu."

"Nilisema zamani, mdogo wangu. Mambo yalikuwa mengine. Nina watoto, wewe unajua."

"Mimi nina nini, kuku?"

Kaka aliangalia chini. Alikuwa amezeeka shingoni, Bolti hakuwa ameliona hilo. "Ungeniambia nini?" kaka aliuliza polepole. "Ningekwambia tangu mwanzo kwamba linaondoka, ungelifanya hivi? Ungelifanya kwa moyo huu?"

Bolti alitaka kusema hapana. Lingekuwa jambo la heshima kusema hapana. Lakini aliyaona mabomba, aliona rula ya chuma ilivyolala bila mwanga kupita, akajua kwamba hata angeambiwa ni la shetani angelisugua vilevile, angelikaza kuanzia katikati vilevile. Kaka hakuhitaji kumficha lolote. Hicho ndicho kilichomkaba. Alikuwa amedanganywa bure.

"Ningelifanya hivihivi," alisema.

Kaka alipumua kama mtu aliyesamehewa, akampiga begani. Katika kutoka, akaona zile manifoldi za zamani kando ya ukuta. Akazielekeza kidole. "Na hayo machuma baki nayo. Usiseme sikukuachia kitu." Alicheka, kwa sababu nyumbani kwao walizoea kutaniana hivyo. Bolti naye, Mungu amsaidie, akacheka.

Bado alikuwa na neno moja la kazi. Alilifuata gari likiwa tayari linarudi nyuma, akainama dirishani kwa mwenye viatu vyeupe. Akamweleza kwamba bolti za mabomba haya hukazwa mara mbili: chuma kikishapata moto na kupoa, hulegea kidogo, na zisipokazwa tena gasketi itaungua na moshi utavuja. Alilete kesho. Ni kazi ya muda mfupi, hatahitaji hata kushuka.

"Usijali, fundi," alisema yule mtu kwa upole, akipandisha kioo. "Kule ninaye fundi wangu."

Gari likatoka. Barabarani lilinguruma mara moja kubwa ya kujionyesha, na waliokuwa kwenye maduka wakatoka kutazama. Kinyozi alitoka pia, akiwa na mkasi mkononi, akampungia Bolti kwa furaha kwamba hatimaye limetoka. Bolti akampungia.

Miwani alisema lazima arudi, ana dirisha la mtu linamsubiri. Safari hii hakuruka ukuta, alizunguka mlangoni. Mke alirudi kwenye cherehani yake akakaa, asishone. Angeweza kumwambia mumewe kwamba alimwambia. Alikuwa na haki hiyo, na mtu mwingine angeitumia mpaka mwisho wa dunia. Yeye alisema tu kwamba uzi mwekundu umebaki mwingi, sijui ataufanyia nini.

Jioni Bolti alirudi nyumbani kwa miguu, na kwa mara ya kwanza barabara ilikuwa na urefu wake halisi.

Manifoldi moja aliifanya kizuizi cha geti, lisipigwe na upepo. Ile yenye mshono wa shaba aliichukua mara mbili aitupe, mara mbili akairudisha, mwishowe akaisukuma kwa mguu chini ya meza ya kazi, kovu likiwa limetazama ukuta.

Baada ya hapo alikuja mama mmoja mwenye pikapu ya kubebea mchanga, mteja wa siku nyingi, akitaka breki za mbele. Mama huyu aliipenda sana bolti yake. Siku za gereji alivaa viatu vya kufunga na kujifunga kitenge kiunoni kama anayekwenda kulima. Bolti alimaliza breki, akarudisha magurudumu, akakaza. Cherehani ilikuwa inakwenda mlangoni. Alipofika kwenye nati ya mwisho mkono haukusimama. Spana ilizunguka, ikagoma, akaichomoa na kuifuta.

Cherehani ikanyamaza.

"Na yangu iko wapi?" aliuliza yule mama, amekwisha kukunja mikono ya blauzi.

"Nimeshakaza, mama," alisema Bolti, akishusha jeki. "Zote."

Yule mama alidhani anataniwa. Alibaki amesimama kando ya gurudumu, kiganja wazi mbele yake, akitabasamu, akisubiri spana.